Biblia ya Mfalme na Yangu

Shikamoo mama,

Joto la Maskati ni la ajabu, hata bomba la maji baridi linatoa maji ya moto. Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, nilikwenda kusali na wenzangu wa kazi za ndani, Watanzania na Waganda. Kiongozi wetu alitusimulia kwamba zamani Uingereza watu waliuawa kwa kutafsiri Biblia kwa Kiingereza, mpaka baadaye mfalme mwenyewe akaamuru wataalamu waitafsiri, isomwe makanisani. Kisha akanipa hiyo Biblia ya mfalme, ya Kiingereza, nisimame nisome zaburi.

Nikafungua yangu ya Kiswahili.

"Hapa tunasoma ya mfalme," akasema.

"Waingereza walikubali kufa ili waisome kwa lugha yao," nikamjibu. "Na mimi nasoma kwa yangu."

Akaniambia nikae. Sikukaa, mama. Nilisoma zaburi yote mpaka mwisho. Alipogeuka kutafuta wa kumuunga mkono, dada mmoja Mganda akasimama, akaanza kuisoma upya kwa Kiganda.

Nawapenda sana. Mwambie baba mwanawe ni mzima.

Neema wako