Kutafuta Watu wa Sanda, Dodoma

Jumatatu, 8 Julai 1912
Bi Kudra amenikubali! Mimi Stara ndiye nitakayekitafutia watu chama chake cha kuzikana. Mtu anatoa heller chache, hizi senti za Mdachi, kila mwezi. Siku akifa anapata sanda, udi, wachimba kaburi na khitma. Nikileta watu wa kutosha kabla ya Ramadhani, ananipa kazi ya kushona sanda na chumba kwake uani. Marehemu mume wangu hakuniachia kitu ila kusoma na kuandika, basi leo vimenifaa. Nisipowapata — kaka Shaaban ameshasema. Eda imekwisha, atanipandisha gari la moshi hadi Tabora nikarithiwe na shemeji. Shemeji yule! Afadhali nishone sanda mpaka vidole viote sugu.

Jumatano, 10 Julai
Nimekwenda kambi ya reli. Wanyamwezi watupu, watu wa kwetu, wako mbali na ndugu zao. Nikajua nitawaandikisha wote kabla ya adhuhuri. Nikasalimia vizuri, nikaanza: ndugu zangu, siku mtakapokufa... Mmoja akatema mate chini. Mwingine akasema nimewaletea uchuro, mjane mzima anatembeza sanda asubuhi watu hawajanywa hata uji. Wakanifukuza kwa adabu, maana mimi ni dada yao. Nimecheka njia nzima na lile vumbi. Nilipofika nyumbani nikalia kidogo.

Ijumaa, 12 Julai
Leo sikutaja kufa. Nilisema "safari". Wakaniuliza kama nauza tiketi.

Jumatatu, 15 Julai
Alhamdulillahi, sijui nianzie wapi. Nilikuwa kambini, nimekaa pembeni, maneno yameniishia. Akaja Matonya, Mgogo anayewauzia maziwa. Mtani wetu, basi hana haya. Akawaambia waziwazi: ninyi Wanyamwezi mlivyokonda, mkifa huku fisi wetu hawatawagusa, watapita wanasonya. Kambi nzima kicheko. Maneno yaleyale! Nikiyasema mimi ni uchuro, akiyasema mtani wanaomba aongeze. Mzee mmoja akafuta machozi, akauliza taratibu: lakini kweli, huku atatuzika nani? Matonya akaninyooshea fimbo. Yule pale.
Nimeandika majina mpaka wino umekauka.

Alhamisi, 25 Julai
Sasa tunazunguka pamoja, kambi hadi kambi. Yeye anawaua, mimi nawazika. Jana alijilaza chini akajifanya maiti ya mpishi wao, halafu akaamka kuomba ugali. Wameingia chama wote, mpishi akiwa wa kwanza. Bi Kudra ameagiza bafta nyingine ya sanda.
Leo hakuja, ana ng'ombe mgonjwa. Nimezunguka peke yangu na kuandikisha mtu mmoja, tena kwa kunihurumia. Njia ilikuwa ndefu. Nimekasirika, sijui kwa nini.
Najua.

Jumamosi, 3 Agosti
Chumba nimepewa! Kazi nimepewa! Shaaban amekuja kukitazama, amebaki kusifu mlango.

Jumanne, 6 Agosti
Nafunga mizigo nihame, nasikia ng'ombe nje. Matonya, na wazee wawili wa kwao. Anamwambia Shaaban amekuja kumwoa huyu mjane kabla hajawafukia Wanyamwezi wote. Shaaban kaangua kicheko, majirani nao. Mtani huyo, wanasema, leo kazidi.
Nimechungulia tunduni. Wale wazee hawacheki. Na Matonya amevaa kofia — Mgogo yule asiyejua kuswali, kofia ya kuendea msikitini, imemkaa upande. Na ng'ombe bado wanaingia.
Shaaban ameacha kucheka. Ananiita: Stara, huyu anatania au anaposa? Toka umjibu mwenyewe.
Tabora siendi tena. Chumba ninacho, kazi ninayo, mume sina shida naye hata kidogo. Mzigo wote nimeshaufungua, nguo zimetapakaa sakafuni, natafuta kanga ya kutokea nje na sioni hata moja inayofaa. Anaita tena —