Baba Yako na Bustani Zangu za Chupani

Weston, Toronto
Tarehe 19 Desemba 2013

Mpendwa wifi yangu Sekela,

Ugonile, wifi? Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mumeo na watoto, na kwamba mvua ya Tukuyu imekuachia angalau saa moja ya kuanika nguo. Miguu ya mama inaendeleaje? Na yule ng'ombe wako mweusi, amezaa au bado anawazungusha? Sisi huku hatujambo. Kaka yako yuko barabarani na lori lake. Juzi alipiga simu kutoka Winnipeg, akasema pua yake haisikii kitu tena, anaishika tu kuhakikisha ipo. Ipyana wetu yuko chuoni Halifax, anasema anasoma. Baba yako naye ni mzima sana, na huyo ndiye sababu ya barua hii.

Kwanza nikueleze kazi, maana najua huko mnadhani mtunza bustani wa Toronto wakati wa baridi anajifunika blanketi tu. Tangu Oktoba tumekuwa tukichimbua maua na kuhifadhi mizizi yake iliyo kama vitunguu kwenye ghala, halafu tunavalisha miti midogo magunia na kuifunga kamba, upepo usiiunguze. Kaka yako alimtembeza baba yenu kando ya mto Humber akaiona imesimama hivyo, safu nzima. Mzee akauliza ni msiba wa nani. Akaambiwa hapana, ni miti, mizima kabisa, imevikwa kwa sababu ya baridi.

Theluji ikishatanda, sisi vibarua wa msimu tunawekwa kando mpaka Aprili. Ndiyo maana nimejitafutia bustani ya ndani. Unachukua chupa kubwa ya kioo, hizi zangu zilikuwa za matango ya siki, unatandika changarawe, mkaa uliopondwa, udongo, kisha unapanda kangaga kadogo, kale kamea ka kivulini, na yale manyoya ya kijani yanayoota kwenye mawe ya mtoni. Unanyunyizia maji mara moja, unafunga kifuniko. Basi. Maji yanapanda kama mvuke, yanagusa kioo, yanashuka tena. Chupa inajinyeshea yenyewe miezi na miezi, wewe kazi yako ni kuitazama.

Sasa sikiliza. Msimamizi wa nyumba ya vioo ya manispaa, Bwana Amirali, amenitaka nimpelekee chupa tatu tarehe 30. Ni Mwismaili, mzaliwa wa Mwanza, Kiswahili chake kizuri kuliko cha Ipyana. Zikimpendeza, ataniingiza kazini humo ndani, kwenye joto na migomba yake, mpaka Aprili. Wifi, naitaka kazi hii. Siitaki kwa sababu ya fedha peke yake. Naitaka kwa sababu nikikaa nyumbani baridi hii yote na baba yako, mmoja wetu atarudi Tukuyu akiwa amechanganyikiwa.

Usinielewe vibaya. Ni mkwe mwema, sijawahi kusikia neno baya kwake. Shida ni kwamba mila yetu ilitungwa na watu wenye migomba. Huko ukisikia baba mkwe anakuja, unapita nyuma ya nyumba, unaingia shambani, anapita, maisha yanaendelea. Hapa ni ghorofa ya saba, vyumba viwili na korido moja. Yeye anakohoa kabla ya kutoka chumbani, Mungu ambariki, nami natafuta pa kujitia. Jumanne iliyopita nilisimama ndani ya kabati la makoti muda wote aliokuwa akitafuta ndara zake, na ndara zenyewe zilikuwa miguuni pangu.

Jirani yangu Sabine, Mkongomani wa Bukavu, alinikuta nimejificha nje kwenye roshani, kwenye theluji, na sufuria ya ugali mkononi. Nikamweleza: kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, hataji jina lake, hagusi nguo yake. Akashika kiuno. "Eh, Tumpale! Minasema kweli, ile heshima itakuua na baridi." Ipyana naye nilipomsimulia kwa simu alisema, "Mom, just talk to him." Ati niongee naye tu! Mtoto anasoma chuo kikuu, hana adabu hata ya kuazima.

Lakini usidhani hatuwasiliani. Tuna friji. Mzee akiwa mezani anasema, "Ewe friji, chai ya leo imekosa tangawizi," nami nikiwa nyuma ya mlango wa jikoni naiambia friji kwamba tangawizi imekwisha, italetwa kesho. Friji inanguruma, tunaelewana. Tumeishi hivyo tangu Oktoba, bila ugomvi.

Sasa, kupitia friji unaweza kuomba chumvi. Kumkaripia mkwe kupitia friji haiwezekani, na hapo ndipo nilipokwama. Wifi yangu, baba yako anamwagilia chupa zangu. Kila asubuhi, akishamaliza sala, anafungua vifuniko vyote vitatu na kuzimiminia maji kwa kikombe cha chai, kikombe kizima kila moja. Nilimwomba kaka yako amwambie. Akamwambia. Mzee akajibu kwamba amesikia, kisha akaongeza kuwa hata mfungwa hupewa maji. Tangu hapo anamwagilia nikiwa bafuni. Chumbani kwangu siwezi kuzificha, hakuna mwanga wa kuzitosha.

Chupa ya kwanza imekufa jana. Mizizi imeoza, inanuka kama kinamasi, nimeitupa. Zimebaki mbili, na siku zilizobaki hazitoshi kupanda nyingine ikashika. Nakuomba sana, mpigie simu. Wewe ndiye kitinda mimba, wewe anakusikiliza. Mwambie aache kabisa, asiguse hata kifuniko, lakini usinitaje mimi. Sema umeota, sema mchungaji amehubiri, sema lolote.

Naacha hapa kidogo, nasikia kikohozi.

Tarehe 3 Januari 2014

Wifi, heri ya mwaka mpya. Kama unavyoona, sikuipeleka barua posta. Nilipotoka kabatini siku ile nikapitiwa, na baada ya hapo dunia ikaganda.

Sisemi kwa mzaha. Jumamosi kuamkia Jumapili ilinyesha mvua, mvua ya kawaida kabisa, ila ilipogusa kitu ikawa barafu palepale. Asubuhi kila tawi na kila waya vilikuwa vimevikwa kioo. Unatazama dirishani unasema pazuri ajabu, kisha unasikia mti mzima unapasuka. Umeme ukakatika mtaa wote, na joto la nyumba likaenda nao. Friji ikanyamaza. Tukabaki, mimi na baba yako, bila mkalimani.

Jumatatu sisi tuliowekwa kando tukaitwa wote, tukakate matawi yaliyolala barabarani. Nilimwachia mzee chai kwenye themosi na mikate, nikaenda. Kutwa nzima nilikuwa nakata huku moyo uko kwenye vile vikangaga vyangu. Ni mimea ya joto, wifi, baridi ya namna ile inaiua kwa siku moja. Na nilijua kabisa kwamba mzee, akiiona inalegea, ataiongeza maji.

Alasiri nikapanda ngazi zote saba, lifti imekufa. Nikaingia. Meza tupu. Chupa hazipo mezani, hazipo dirishani, hazipo jikoni. Hapo wifi nikuambie ukweli, heshima ilinitoka. Nikasema moyoni, mzee huyu amezitupa, kazi yangu ameitupa, na leo nitamwambia usoni, mila itanisamehe baadaye. Nikashika korido na koti langu na mabuti yangu, hasira imenijaa mpaka masikioni. Mlango wake ulikuwa wazi ili apate mwanga.

Nikaona. Mungu anisamehe, nilimwona baba mkwe wangu kitandani. Amejifunika mablanketi mpaka kidevuni, na chupa zangu amelala nazo, moja huku, moja huku, zimetoa vichwa kama mapacha. Moja ameivika sweta lake la kanisani. Nyingine ameivika kofia yake. Ile ile, wifi, asiyoivua hata kwa mkuu wa wilaya. Kichwa chake mwenyewe kilikuwa wazi, kinang'aa, na kinatetemeka.

Nikajifunika uso kwa skafu, nikarudi kinyumenyume, nikagonga mlango kwa kisogo. Na hapo, bila friji, bila ukuta, akanena nami mwenyewe, mara ya kwanza tangu niolewe:

"Mkamwana, funga mlango. Baridi inawaingia watoto."

Nikaufunga. Nilikuwa upande wa nje, namshukuru Mungu. Kisha nikaenda jikoni, nikakaa sakafuni na mabuti yangu nikalia, na wala sikujua kama nalia au nacheka. Aibu niliyoisikia kwa yale niliyotaka kumwambia, siwezi kuiandika hapa.

Umeme ulirudi Krismasi, friji ikaanza kunguruma, tukarudia heshima zetu. Lile neno hakuna aliyeligusia. Chupa zikarudi mezani, ila kofia na sweta hakuviondoa, akidai, kwa friji, kwamba umeme wa huku hauaminiki.

Ikafika tarehe 30. Asubuhi nikakuta kapu mlangoni, limepangwa vizuri, chupa zote mbili ndani, moja na sweta, moja na kofia. Yeye alikuwa amejifungia bafuni ili nipite. Nikasimama pale. Nguo ya mkwe siigusi. Kaka yako yuko Winnipeg tena, Sabine yuko kazini, kule anakotunza wazee, na muda unakwenda. Nikanyanyua kapu hivyo hivyo. Kwenye basi mama mmoja alinipisha kiti, akaipungia mkono kofia.

Bwana Amirali alitazama kapu, akanitazama mimi. "Mama Ipyana, hii kofia ya nani?" Nikamwambia ya baba mkwe, siwezi kuivua, naomba aivue yeye. Akataka kisa chote, nikampa. Alicheka mpaka akakalia gunia la mbolea, akasema kule Mwanza mama yake alikuwa na jirani mmoja wa Mbeya, na miaka yote hiyo hakuwahi kujua kwa nini yule mama alikuwa akiruka ua.

Kisha akafanya kazi yake. Ile ya sweta aliinusa akaiweka pembeni. "Hii imenyweshwa kama ng'ombe." Ile ya kofia aliigeuza kwenye mwanga, akaigeuza tena, kangaga kamesimama vizuri na kioo kina umande wake. Nilikuwa nimeshika kingo za meza. Mwishowe akasema alitaka tatu na nimemletea moja na nusu, kwa hiyo kazi hawezi kunipa nzima. Amenipa siku tatu kwa wiki mpaka Aprili. Siku tatu, wifi! Kofia na sweta akavitia mwenyewe kwenye mfuko wa karatasi, akanitundikia mkononi nisiviguse.

Nilipofika nikautundika mfuko kwenye kitasa cha mlango wake, nikaenda jikoni, nikaiambia friji kwa sauti kubwa kwamba kazi imepatikana, na kwamba chupa iliyoshinda ni ile iliyovaa kofia. Halafu nikasikia anaimba ule wimbo wa mavuno wa kanisani kwenu, beti zote, ingawa sauti ya kuimbia hana.

Lakini kaka yako, mdomo wake unaujua, akamsimulia mengine yote kwa simu. Hata lile la chupa kunyweshwa kama ng'ombe. Tangu siku hiyo mzee hamwagilii kitu. Ile chupa ya sweta niliiweka dirishani kwake akiwa bafuni, na nikipita koridoni naona kivuli chake tu, ameketi mbele yake, mikono juu ya magoti. Mtu aliyelima maisha yake yote, wifi. Siwezi kuvumilia kuiona mikono ile imelala.

Nisalimie mama, umwambie dawa ya miguu naitafuta. Msalimie mumeo, na watoto, Gwamaka na Bupe, na mchungaji. Sabine anakusalimu ingawa hamjuani; anasema mila yenu bado haimwingii akilini, ila ugali wenu anaula.

Sasa ombi langu la mwanzo lifute kabisa. Mpigie simu baba yako, lakini mwambie hivi: umesikia kwamba ile chupa ya dirishani kwake ina kiu. Haina kiu, wifi, imejaa maji mpaka shingoni. Mwambie tu. Akiiua hiyo, nina nyingine nyingi chini ya sinki, nitampandia.

Mungu awalinde, awape mvua inayojua kusimama, na atujalie kuonana uso kwa uso tukiwa wazima.

Wako akupendaye,
wifi yako Tumpale