Kadi Isiyonunua Peremende

Jumapili, 28 Juni

Sambusa za futari tangu adhuhuri. Vidole vinanuka giligilani. Madam, bosi wangu, naye kwenye simu tangu adhuhuri. Ndiye mwenyekiti wa kamati ya kina mama wanaosimamia kadi za chakula, zile ambazo serikali inawapa wajane na maskini wa mtaa wa Kandara, hapa Uarabuni. Kuanzia sasa kadi hazitanunua soda, peremende wala biskuti. Mashine ya duka itakataa.

Nakubaliana naye kabisa. Mama alikatwa mguu kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Laiti mtu angemkataza soda mapema.

Ila friji yetu hapa Al-Hamra, mtaa wa matajiri, imejaa soda. Nimeona tu.

Jumanne, 30 Juni

Tumeenda Kandara na madam kuona mashine ikikataa. Nimebeba mikoba yake. Mjane wa kwanza anaitwa Umm Salma, mama wa watoto watatu, anaishi ghorofani juu ya duka lenyewe. Mchele, sawa. Maziwa, sawa. Dengu, sawa. Pakiti ya peremende, mashine ikalia.

"Peremende mafi, hakuna," madam akasema, kwa upole kabisa. "Ni kwa afya yenu."

Umm Salma akacheka. Akairudisha pakiti kwenye rafu, akainyoosha vizuri. Kicheko gani kile? Kimenikaa kichwani siku nzima.

Alhamisi, 2 Julai

Rose amepiga simu kutoka Riyadh. Binti ya shangazi yangu, mdomo haujawahi kupumzika. Nikamsimulia habari za kadi. Akawaka.

"Nafu, kwani mtu akikupa chakula ndiye anakutafunia pia?"

Kumbe bosi wake anafunga friji kwa kufuli. Eti wali unamtosha. Nikamuuliza, na mguu wa mama je? Akasema vyombo vinamsubiri. Yeye ndiye aliyekuwa akimletea mama soda hospitalini. Nikajuta kuuliza, lakini bado nataka jibu.

Jumanne, 7 Julai

Leo nimeona kitu.

Nilitumwa ndimu, na kwa kuwa dereva alikuwa na shughuli zake Kandara, nikazinunua katika duka lile lile. Umm Salma alikuwa pale. Gunia la mchele, mchele wa kadi, halijafunguliwa, amelirudisha kwa mwenye duka. Mwenye duka akampimia peremende. Mfuko mzima! Akaniona. Akaweka kidole mdomoni.

Nimekasirika. Mchele wa watoto kwa peremende! Na mwenye duka amempunja, hilo hata kipofu angeliona. Zamani angechukua pakiti moja kwa kadi na mchele ungebaki.

Lakini za nini zote zile? Watoto watatu hawazimalizi. Anauza? Hana sura ya mfanyabiashara. Mimi na udaku wangu hatutalala.

Sijamwambia madam.

Jumamosi, 11 Julai

Madam amejua. Mwenye duka mwenyewe ameropoka, na anajifanya yeye hana kosa. Kamati itakaa baada ya Idi kuamua kama Umm Salma anyang'anywe kadi. Akinyang'anywa, hakuna mchele, hakuna maziwa, halas.

Madam akaniita. Ameumia kweli, macho mekundu. Anasema anawapigania watu hawa na wao wanamcheka. Akaniuliza kama najua peremende zilikuwa za nini.

"Sijui, madam. Muulize mwenyewe."

Akanitazama kama vile pasi ndiyo imeongea. Nikarudi haraka kupiga pasi mashati ya baba mwenye nyumba.

Ijumaa, 17 Julai

Idi. Tumetoka kabla ya jua, madam akagawe mchele wa fitri, sadaka ya Idi, huko Kandara kabla watu hawajasali. Mimi Mkristo, Idi yenyewe siijui vizuri, nilikuwa natazama kila kitu. Baada ya sala tukarudi kwa wale ambao hatukuwakuta. Umm Salma alikuwa wa mwisho.

Ngazi zimejaa watoto, nguo mpya, vifuko mikononi. Wanagonga mlango baada ya mlango na kila mlango unawapa kitu. Ndiyo desturi. Hakuna aliyeniambia! Mlangoni kwa Umm Salma amesimama bintiye Salma na sinia la peremende, anagawa. Mabega juu. Hakuna mtoto aliyepita mikono mitupu.

Madam akamuuliza Umm Salma, hapo hapo, mbele yangu, kwa nini aliuza mchele. Kiarabu changu ni cha jikoni lakini nilielewa.

"Mwaka jana sikuwa na kitu. Nilizima taa, nikawaziba wanangu midomo. Wenzao wakagonga wakachoka, wakaenda."

Salma akamsogezea madam sinia. Siku ya Idi hukatai. Madam akachukua moja. Nami nikachukua moja. Kwenye gari nililia kidogo, nikajifanya ni vumbi.

Jumatano, 22 Julai

Kamati imekaa. Umm Salma amebaki na kadi yake. Sheria imebaki pia, peremende bado zinakataliwa. Madam alipiga kura ya kubaki na vyote viwili. Nimejaribu kumkasirikia, nimeshindwa. Hata mimi sijui ningepiga ipi.

Alhamisi, 23 Julai

Joto. Nimefua mapazia.

Madam alikuwa anaandika vitu vya sokoni. Akasimama mlangoni pa jikoni.

"Nafula, wewe unapenda nini?"

Tangu nije nyumba hii hajawahi kuniuliza. Nikajibu, chochote. Akaenda.

Nikabaki na fagio, nafikiria. Nikamfuata sebuleni. Nikamwambia napenda maandazi ya iliki, na chai yenye sukari nyingi.

Akainua kalamu, akanitazama kidogo. Akaandika.