Mteremko wa Shangazi

3 Februari

Binti wa marehemu kaka yangu,

Hujambo? Na hao wajukuu zangu wazima? Sisi huku tunashukuru. Mgongo wa mama yako mdogo umetulia, anakusalimu sana.

Nimesikia kwamba maombi yangu yamefika kwenye mfuko wenu wa uwekezaji, na kwamba wewe ndiye unayekagua miradi ya kufufua ardhi kabla wenye pesa hawajafungua mkono. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Unaukumbuka ule mteremko uliokuwa mwekundu kama kidonda, kila mvua unashuka wote mtoni? Njoo uuone leo. Nimechimba makingamaji, nimepanda nyasi na miti, nimefukuza mbuzi. Chemchemi iliyokauka kabla hujazaliwa inatoa maji. Sasa nataka kitalu cha miche na mizinga ya nyuki, na majirani waingie. Kilichobaki ni mtaji, na mtaji uko kwenye kalamu yako.

Sitaki tukumbushane ulikula mezani kwa nani baba yako alipofariki. Mwenye akili haambiwi mara mbili.

Mimi baba yako mdogo


11 Februari

Shikamoo baba mdogo,

Nimefurahi kusikia mama mdogo ana nafuu. Wajukuu zako wazima, wanapigana tu.

Siku nilipoona jina lako kwenye maombi, nilimwambia mkuu wangu kwamba ni baba yangu mdogo, naye akayaondoa mezani kwangu. Ndiyo taratibu, na hata isingekuwa taratibu ningefanya hivyohivyo. Atakuja mwenzangu. Ofisini tunamwita Bwana Sepetu kwa sababu haamini picha wala hotuba mpaka achimbe. Usimfungie zawadi. Atachukua udongo, atapima maji, atauliza mradi utajilisha vipi pesa zetu zikiisha, na ardhi ni ya nani. Wewe mjibu kweli.

Lingine si la kazi. Sehemu ya chini ya mteremko ni ya shangazi, babu alimpa mbele yetu sote. Hujamtaja popote. Hajambo?

Mimi mwanao


24 Februari

Binti,

Salamu zako nimezipata. Sikujua kwamba mtu anaweza kukanwa kwa taratibu. Umesimama mbele ya mkuu wako ukajitenga na mimi kama mwizi wa kuku!

Hata hivyo, aibu hiyo imekurudia. Huyo Sepetu wako alichimba mpaka shati likamganda. Akalivunja donge la udongo, akalinusa kama mkate, akaniambia hajaona ardhi iliyogeuka namna hii. Kumbe mgeni ana macho na mtoto wa nyumbani hana.

Dada yangu yuko mjini kwa binti yake, anakula ameketi. Ardhi inapumzika, naye anapumzika. Mambo ya wakubwa waachie wakubwa.

Baba yako mdogo


9 Machi

Shikamoo,

Natumai mama mdogo bado anaendelea vizuri. Nimekwenda kumwona shangazi.

Binti yake ni fundi cherehani. Chumba ni kimoja. Mchana kina cherehani mbili, meza ya kukatia na wateja, kwa hiyo shangazi anakaa nje kwenye ngazi na mfuko wake wa nguo magotini, ili asikanyagwe. Wateja wakiondoka, meza inasukumwa ukutani na godoro linatandikwa kwenye vipande vya vitambaa. Ndiko anakopumzika huko.

Nilimuuliza kama alikubali. Akasema, "Aliniambia tuiache ardhi msimu mmoja. Nikaiacha. Niliporudi na jembe nikakuta uzio, lango, na kufuli. Nikamuuliza, funguo ziko wapi? Akaniambia, dada, usiharibu mradi."

Kisha akaanza kuokota nyuzi kwenye gauni lake.

Nimemweleza Bwana Sepetu. Hakupendezwa, kwa sababu taarifa yake ilikuwa imekwisha na ilikuwa ya kukusifu. Nimeona nikwambie mwenyewe kabla hujasikia kwa wengine.

Mwanao


15 Machi

Wewe,

Asante ya punda kweli ni mateke.

Hebu nikuulize, mkaguzi. Dada yangu alipanda mahindi juu ya mahindi mpaka mteremko ukatoa mifupa. Nilimwomba akinge maji, akasema hana nguvu. Nilimwomba apande nyasi, akasema watu hawali nyasi. Ningesubiri kikao cha ukoo, leo ungekuta mawe. Udongo hausubiri kikao! Nani aliyebeba miche mgongoni jua likiwaka? Nani aliyechekwa na majirani kwamba anapanda majani kama mwendawazimu? Nimefanya kile ambacho nyinyi mnakiandika kwenye vitabu vyenye picha, halafu mnaniuliza kuhusu kufuli.

Ukiuangusha mradi huu, nikifa usije. Watakaobeba jeneza wanatosha.

Sisaini


2 Aprili

Shikamoo baba mdogo,

Sina haja ya kukuuliza habari, naijua.

Wakuu wamekaa. Wameukubali udongo, maji, na hata mpango wako wa nyuki. Wamekataa lango. Hawatoi chochote mpaka shangazi arudishiwe ardhi yake na aamue mwenyewe, bila kusukumwa, kama anaingia kwenye mradi au haingii. Mwekezaji akiweka mtaji kwenye ardhi yenye kinyongo, ni kama ameuhifadhi kwenye nyasi kavu. Hilo la mwisho nimelisema mimi, na nilikuwa mlangoni tu, nimeitwa kujibu maswali. Kazi yako ni nzuri, baba mdogo. Ulimfanyia nani?

Mwanao


18 Juni

Mkaguzi,

Sisi wazima, ingawa hukuuliza.

Lango nililing'oa mwezi uliopita kwa mikono yangu. Dada yangu amerudi na godoro lake na binti yake. Walikuja watu wa ofisi yenu na karatasi za yeye kuingia mradini kama mshirika. Wakamsomea taratibu, wakamwuliza kama ameelewa. Akasema ameelewa vizuri sana. Kisha akasema hataki.

Hataki! Anataka mahindi. Ardhi sasa imenona, anasema, kwa nini alime vitabu vya watu? Ameshaongea na mwenye ng'ombe wa kulimia. Miti ya upande wake itakatwa yote, hata ile ya juu ya chemchemi, iliyoyarudisha yale maji.

Umefurahi? Haki imetendeka. Njoo na sepetu uitathmini.

Baba yako mdogo


27 Juni

Shikamoo baba mdogo,

Nimekuja, ingawa hukuniona. Nililala kwa shangazi. Ofisi imelifunga suala lako. Bila mteremko wa chini hakuna mradi wa kuwekezea. Bwana Sepetu haniongeleshi.

Sikufurahi. Nilisimama kwenye ile miti, chini kuna unyevu na ubaridi, nikajua kwamba maneno yangu ndiyo yaliyomletea mwenye ng'ombe kazi. Inaniuma. Lakini ningerudia tena kusema.

Nilimsihi shangazi aache miti ya chemchemini. Nilimweleza maji yatakavyopotea. Akasema, "Mwanangu, mimi si mjinga. Najua miti inafanya nini. Aliyeipanda ndiye hajui mimi ni nani." Nikamuuliza afanyeje. Akasema uende mwenyewe, mlangoni kwake, mchana, watu wakiona, ukamwombe ile ruhusa uliyoiruka. Ng'ombe wanakuja Jumatatu ya wiki ijayo.

Hukutuma mtu miaka yote ulipokuwa unachimba. Usitume sasa.

Mwanao


9 Julai

Binti wa kaka,

Nilienda. Majirani walijaa njiani kama wanatazama mpira. Dada yangu alikuwa anapepeta maharage, hakunipa kiti. Nikasema, "Dada, naomba usikate miti." Akasema, "Hilo silo ulilotumwa." Basi nikasimama hapo, mzee mzima, miti imenipita urefu nyuma yangu, nikasema, "Dada, naomba ruhusa nipande miti kwenye shamba lako." Mtu akacheka. Dada hakucheka. Akaendelea kupepeta mpaka maharage yakaisha, jua likinichoma utosi. Akasema, "Nitafikiri," akaingia ndani, akafunga mlango.

Usingizi sikuupata. Jumatatu ng'ombe wakaja. Akawalimisha chini kote, nyasi zangu zikageuzwa mizizi juu. Nilitazama kwa sababu sikuweza kutotazama. Walipofika kwenye miti ya chemchemi akatangulia, akasimama mbele yao, akampungia mwenye ng'ombe mkono: geuza. Hakuniangalia hata mara moja. Baadaye alimtuma binti yake aniambie nisikate hata kijiti bila kupiga hodi.

Nitapiga. Nyuki wanaipenda ile miti, na mizinga michache nitainunua mwenyewe, pole pole.

Kwako wewe sipigi hodi. Ulikuwa na haki na bado sijakusamehe. Hayo mawili yanakaa nyumba moja kifuani mwangu na hayasalimiani. Usije mwaka huu. Mama yako mdogo ameshika kalamu hii mara mbili akitaka kuongeza neno, nimemnyima.

Mimi baba yako mdogo, maana hilo siwezi kuling'oa