Dada Eda, Zamu Yangu Haikufika Mwisho

Mpendwa dada Eda,

Kamwene. Salamu nakupa kwa sababu nililelewa hivyo, si kwa sababu moyo umetulia. Huku Njombe baridi ni ile ile, na mimi bado ni mkufunzi wa sayansi katika chuo kile kile cha ualimu ulimoniacha.

Unakumbuka tulivyoanza? Ilikuwa miaka ile soko huria lilipotuletea kila kitu kwa mkupuo: mitumba, vyuo binafsi, simu za mkononi, hadi intaneti ikafika Makambako. Wanachuo wetu walikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha Ludewa na Makete, na mvua ikikata barabara hatuwaoni tena. Wewe ndiye uliyesema, "Mdogo wangu, kama sisi hatuwafikii, basi masomo yawafikie kwa kompyuta." Nilikucheka. Nikadhani umeonja pombe ya ulanzi asubuhi.

Lakini kila Jumamosi tukateremka Makambako kwa Mzee Salum, aliyeuza spea za malori na nyuma ya duka akaweka kompyuta za kukodisha. Tulilikata somo vipande vya wiki wiki, kila wiki na kisa chake cha darasani, swali lake, na ukumbi wa mtandaoni wa wanachuo kujibizana. Wa Ludewa akija mjini anasoma alichoandika wa Iwawa kule Makete. Ulinikataza kuanza na maelezo. "Anza na kitu walichokiona kwa macho yao," ulisema, "halafu uliza." Mpaka leo sijapata mwalimu aliyenifaa kuliko wewe, na hilo ndilo linaloniuma.

Tulikubaliana kama watu wanaolimiana mashamba: kwanza somo lako la hisabati, kisha langu la sayansi. Ndiyo maana tukatumia neno la siri moja. Nani huficha jembe wakati wa kulimiana? Nikakulimia mpaka la kwako likasimama, wakuu wakaja kulitazama, wakakusifu. Zamu yangu ikaanza. Nikaweka maswali yote, majibu nikasema nitayaandika muhula ujao.

Ukapata kazi Dar es Salaam. Nilikupikia, nikakusindikiza stendi, nikalia. Jumamosi iliyofuata niko kwa Mzee Salum, ukumbi wetu haufunguki. Akajaribu yeye, akavua miwani. "Mwalimu, neno la siri limebadilishwa. Na wanaolijua si wewe na mwenzako tu?" Nikamwambia mtandao una matatizo. Nilikutetea, dada, mbele ya mtu aliyekuwa anauona ukweli kwenye kioo.

Nilipokupigia ulisema, "Ni mambo ya ofisi tu, nitakutumia neno jipya." Hukutuma. Kazi zote za wanachuo wangu zilikuwa humo ndani. Wale wa Iwawa wakarudia mazoezi, wakiamini mzembe ni mimi. Nilimeza hilo pia.

Sasa sikia ya wiki iliyopita. Tuliitwa wakufunzi wa kanda kwenye semina hapa Njombe, tufundishwe kufundisha sayansi kwa kompyuta. Mwezeshaji kutoka Dar akawasha mashine yake, nikaona somo langu. Vipande vile vile, maswali yale yale, na jina moja tu, lako. Mwishoni tukapewa mtihani. Nikaufanya, dada. Nikashika kalamu kujibu maswali niliyoyatunga mwenyewe, na moja nikalikosa.

Ni lile la viazi: kwa nini kiazi kilichoachwa nje ya ghala hugeuka kijani? Niliandika mwanga. Karatasi yako ya majibu inasema baridi. Ulichukua swali kabla sijaliandikia jibu, na hata simu ya kuuliza hukupiga.

Sitakuja Dar kugombea jina. Nimekukasirikia kiasi kwamba jina langu sitaki hata likae karibu na lako. Ila wapo walimu watakaokwenda Makete na jibu hilo, wasimame mbele ya watoto waliokulia kwenye mashamba ya viazi, wanaojua kuwa baridi ya kwao iko ndani ya ghala kama ilivyo nje, na viazi vya ndani havigeuki kijani. Walimu hao watachekwa, na hawatajua kwa nini.

Jibu ni mwanga. Sahihisha.

Ni mimi,
mdogo wako uliyemwacha stendi.