Wasifu wa Mama Ambaye Hakuwa Mpole

Jumatatu, 4 Machi

Nimepewa kazi ya kuandika wasifu wa Mama na kuusoma kanisani Jumamosi. Eti nachapa barua ofisini, basi naweza kuchapa maisha ya mtu. Kaka amekwisha kunipa sentensi ya kwanza: marehemu alikuwa mpole, mnyenyekevu, asiye na makuu. Nikamuuliza anamzungumzia nani. Akanikazia macho – tuko msibani.

Mama, mpole. Aliyemkatiza mchungaji katikati ya mahubiri kumkumbusha kwamba hayo alishayasema wiki iliyopita.

Jumanne, 5 Machi

Kila anayekuja kutoa pole ananiletea Mama wake. Jirani: aliomba usiku kucha. (Alilala mapema, na alikoroma.) Wifi yangu: alinipenda kama bintiye. Hawakusemezana tangu ugomvi wa mapazia. Shangazi anataka niandike habari za sauti yake tamu. Tamu wapi? Kwaya ilimbembeleza ahamie kwenye usafi, ndivyo alivyokabidhiwa ufunguo wa kanisa.

Wanamvika kilemba cha ukoka, naye hawezi tena kukivua.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeandika ya ule ufunguo. Nilikuwa mdogo, lakini nilikuwepo, nimeshika gauni lake.

Binti mmoja aliyefulia watu nguo alikufa akijifungua. Hakuwa na mume. Wazee wa kanisa wakaamua jeneza lake lisiingie kanisani. Mama hakubishana nao. Jumapili asubuhi alifunga mlango, akatia ufunguo kifuani, akaketi kizingitini. Kama yule binti haingii, haingii mtu. Watu wakasimama juani na Biblia zao. Mzee mmoja, kijana kuliko wenzake, akajaribu kumpokonya – Mama akamng'ata mkono. Mwishowe mchungaji akasalimu amri. Binti wa watu akaagwa jioni ile, kengele ikalia. Kichanga chake kikaenda kulelewa na bibi, mji mwingine.

Mama akanyang'anywa kazi ya usafi. Jumapili iliyofuata akaenda kusali kama kawaida. Nikamuuliza kwa nini anarudi kwa watu wale. "Kwani kanisa ni lao?"

Kaka amesoma. Toa hiyo, kasema. Aliyeng'atwa ndiye mwenyekiti wa wazee, na ndiye atakayeongoza ibada. Nimemwambia aandike yeye. Hataki. Wanataka mkono wangu, na kichwa chao.

Ijumaa, 8 Machi

Mwenyekiti amekuja mwenyewe. Tunamwita Amina-Kubwa, maana akiitikia "amina" vioo vinatetemeka. Leo alinong'ona.

"Mwanangu, ya zamani tuyazike."

Nikamjibu kesho tunamzika Mama tu. Akaitazama chai yake mpaka ikapoa. Kisha akauliza kama Mama aliwahi kumsema nyumbani. Nilitamani kumchoma kidogo. Nikasema kweli: hata mara moja. Akainuka na kuondoka, kofia ikabaki kitini.

Kaka anadai nimemfukuza mgeni. Maji yamenifika shingoni na watu hawa.

Jumamosi, 9 Machi

Naandikia katika chumba cha wazee, kando ya madhabahu, mlango wazi. Kanisa limejaa. Wifi amebandika karatasi benchi la mbele: FAMILIA. Lakini nafasi ya pembeni kamwekea mke wa Amina-Kubwa – udugu gani huo?

Ameingia mwanamke nisiyemjua, gauni limekunjamana kwa safari, mikono ina makovu ya cheche. Anachomelea mageti. Akajitambulisha kwangu kwa mama yake: yule mfua nguo. Anasema Mama alimtembelea kila likizo ya shule, akamlipia ufundi. Na sisi aliokuwa akituaga kwamba anakwenda semina ya akina mama! Semina, kweli.

Hakuuliza ruhusa. Ameketi pembeni pale pale. Kaka akamnong'oneza asogee nyuma. Akamjibu, kwa sauti iliyofika mpaka huku, kwamba karatasi ameisoma na yeye ni familia. Kaka akanijia amefura: kamwondoe wewe, wewe ndiye mpenda hadithi hizi. Nimemwambia ajaribu kumbeba.

Amina-Kubwa alikuwa mlangoni mwa chumba hiki, kasikia yote. Ameniomba wasifu. Nimempa, na ya ufunguo imo. Anausoma kwa kusimama, midomo inachezacheza. Mkewe amefika, anatafuta pa kukaa, anamwita kwa macho. Mume hainui kichwa. Kengele imelia. Kaka anagonga fremu ya mlango, anauliza tunangoja nini. Karatasi zangu bado anazo, na sasa ameomba kalamu hii ninayoandikia –