Pini Iliyokatika Mbele ya Harusi

Mjukuu wangu Mwende,

Hujambo huko Mombasa? Sisi tuko salama. Mbuzi mweusi amezaa mapacha, na mama yako amerudi kwenye kwaya.

Umeniuliza kama nitakuonea aibu ukirudi hapa kwetu Tawa, kwa vile kazi ilikulemea ukaacha. Aibu naijua, Mwende.

Nikiwa kijana niliunda upya winchi ya gari letu, ile mashine ya kuvuta magari yaliyokwama kwa waya, inayozungushwa na injini yenyewe, nikajisifu sokoni kote. Kisha lori la watu wa harusi likazama kwenye mchanga wa mto, nikaitwa. Nilifunga waya, nikaingiza gia, na pini ya winchi ikakatika. Walicheka wote, hata bi harusi. Nikaingia chini ya gari kujificha, nikijifanya natengeneza.

Huko chini niliona gia ni nzima na waya ni mzima. Pini hiyo ni ya chuma laini makusudi, ikatike kabla waya haujakatika na kuumiza watu. Sikumwambia mtu. Ng'ombe walivuta lori, wote wakafika harusini wazima. Mpaka leo nikipita pale nainamisha kichwa.

Nawe uliacha kazi kabla haijakuvunja, kama pini ile. Njoo. Nitakungoja steji ya Emali, na sitainamisha kichwa.

Babu yako,
Kioko